Kuusoma mji kwa miguu: njia za urithi, yale zinayoonyesha na yale zinayoyaruka

Kando ya Njia (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Kuna jambo nalipenda kwa dhati na sijaona uzi wake humu: kuujua mji kwa kufuata njia zake za urithi kwa miguu. Nasema kutembea hasa, si kupita na basi la ghorofa huku sauti ya kurekodi ikikutajia majengo ya kushoto na ya kulia. Nitaweka ninayoyajua, na mwenye la kuongeza au la kupinga akaribie.

Kwa asiyezijua, njia ya urithi ni mlolongo wa maeneo ya kihistoria ambao baraza la mji, makumbusho au chama cha wakazi wameuunganisha ili mtembeaji aufuate toka mwanzo hadi mwisho. Nyingine zimechorwa chini kabisa. Hannover, Ujerumani, wamepaka mstari mwekundu wa kilomita 4.2 unaopita kwenye vituo 36, kazi yako ni kuufuata tu. Nyingine ni za vibao ukutani, nyingine za kijitabu chenye ramani, na siku hizi ziko za kusikiliza kwenye simu.

Iliyovuma zaidi pengine ni Freedom Trail ya Boston, Marekani. Mwaka 1951 mwandishi wa gazeti William Schofield alitoa wazo kwamba maeneo ya kihistoria ya mji ule yaunganishwe kwa njia moja ya miguu, na meya John Hynes akalipokea. Leo ina urefu wa kilomita 4 hivi na vituo 16. Mstari mwekundu, mahali pengine rangi na mahali pengine matofali, unatoka bustani ya Boston Common iliyotengwa mwaka 1634 hadi kwenye mnara wa Bunker Hill ng'ambo ya mto.

Hoja yangu naiweka mapema: mstari ule ni uamuzi wa watu. Kuna waliokaa wakasema hiki kiingie, kile kibaki nje. Kwa hiyo kila njia ya urithi inasimulia nyakati mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni zama zinazotajwa kwenye vibao, ya pili ni zama za waliochora njia yenyewe. Freedom Trail inahusu mapinduzi ya Marekani dhidi ya Uingereza ya karne ya 18, lakini ilichorwa mwaka 1951, Marekani na Urusi zikiwa zimekabana koo na neno "uhuru" likiwa kwenye kila hotuba. Hilo haliifanyi njia kuwa ya uongo. Linakupa tu swali la kutembea nalo: mbona mstari umepinda hapa na si pale?

Boston yenyewe inakujibu vizuri. Ukiwa kwenye Freedom Trail unapita mbele ya jengo la serikali ya jimbo la Massachusetts. Geuka uangalie upande wa pili wa barabara. Kuna mnara wa shaba uliozinduliwa mwaka 1897, wanajeshi weusi wa Kikosi cha 54 cha Massachusetts, cha vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, wanatembea kwa mguu, kamanda wao Robert Gould Shaw juu ya farasi katikati yao. Pale ndipo inapoanzia njia nyingine, Black Heritage Trail, inayopanda kilima cha Beacon Hill na kuingia kwenye mitaa myembamba waliyoishi watu weusi huru wa karne ya 19. Mwisho wake kuna African Meeting House ya mwaka 1806, kanisa la watu weusi lililo kongwe kuliko yote ambayo bado yamesimama Marekani. Ndani yake, Januari 1832, William Lloyd Garrison na wenzake waliasisi chama chao cha kupinga utumwa.

Njia mbili, mji mmoja, na zinagusana kwenye ukingo wa barabara moja. Anayefuata mstari mwekundu macho yakiwa chini anapita palepale bila kujua kuna simulizi ya pili hatua chache kutoka kwake.

Ushauri wangu kwa anayeanza basi: tembea njia rasmi yote kwanza, kwa heshima, maana walioiandaa wamefanya kazi kubwa. Kisha irudie kutoka mwisho kwenda mwanzo. Hutaamini tofauti yake. Majengo uliyokuwa umeyapa kisogo sasa yako usoni, na mtiririko wa hadithi ulioandaliwa unavunjika, unaanza kuuliza maswali yako mwenyewe. Mara ya tatu, kila kituo toka nje ya njia mtaa mmoja tu kushoto au kulia.

Halafu jambo dogo ambalo wengi hulipita: mkifika kituoni, anzeni na kibao kabla ya jengo. Someni mpaka herufi ndogo za chini. London mpango wa vibao vya duara ulianza mwaka 1866 chini ya Society of Arts. Kibao kikiwa na jina la London County Council, kiliwekwa kati ya 1901 na 1965. Kikiwa na Greater London Council, ni kati ya 1965 na 1986. Kuanzia hapo ni English Heritage. Kwa hiyo hata kisipoandikwa mwaka wa kuwekwa, jina la taasisi linakupa zama zake. Na kanuni ya sasa inataka mtu awe amefariki angalau miaka 20 iliyopita kabla ya kukumbukwa kwa kibao. Mimi napenda kupima umbali kati ya tukio na kibao chake. Wako waliokumbukwa upesi, wako waliosubiri karne nzima, na anayesubirishwa hivyo huwa kuna sababu.

Nimeandika mengi. Karibuni.

---

Mpita Uchochoroni

Mkuu, uzi mzuri lakini nina dukuduku. Nimetembea njia kadhaa za namna hii katika miji tofauti na naona zinafanana: ikulu ya zamani, kanisa, benki, nyumba ya gavana, sanamu ya jenerali. Waliobeba mawe ya kujengea hayo yote wako wapi? Naona kama ni historia ya wenye nyumba za mawe, kwa sababu nyumba za mawe ndizo zinazobaki. Mtu aliyeishi kwenye kibanda cha mbao au udongo hana jengo la kubandikwa kibao. Sasa nitamtembeleaje?

---

Kando ya Njia

> Mtu aliyeishi kwenye kibanda cha mbao au udongo hana jengo la kubandikwa kibao.

Mpita Uchochoroni, umegusa penyewe. Kasoro hiyo ni ya kweli na haitibiwi kwa kuongeza kibao kimoja mwishoni mwa njia.

Njia ya kwanza ya kumfikia ni kulisoma upya jengo la tajiri. Kituo kimojawapo cha Freedom Trail ni Faneuil Hall, wanapaita mahali pa kuzaliwa kwa uhuru kwa sababu ya mikutano ya kabla ya mapinduzi. Aliyetoa fedha za jengo lile, likafunguliwa mwaka 1742, ni mfanyabiashara Peter Faneuil, na sehemu ya mali yake ilitokana na biashara ya watumwa. Ukuta uleule unabeba mambo yote mawili. Huhitaji kuondoka mahali pale kumtafuta mtu asiye na jengo, unahitaji kuuliza fedha za jengo zilitoka wapi.

Ya pili ni ardhi. Mwaka 1991 New York walikuwa wanachimba msingi wa jengo la ofisi za serikali kusini mwa Manhattan wakakutana na makaburi. Yalikuwa ya Waafrika, watumwa na watu huru, waliozikwa pale tangu karne ya 17 hadi mwishoni mwa karne ya 18, nje ya mipaka ya mji wa wakati huo. Mabaki ya watu zaidi ya 400 yalifukuliwa. Mji ulikuwa umeota juu yao na wapita njia hawakuwa na habari. Wananchi walipiga kelele, mradi ukabadilishwa, mabaki yakazikwa upya mwaka 2003, na mwaka 2006 eneo likatangazwa mnara wa taifa. Watu wale hawakuwa na nyumba ya mawe hata moja, lakini leo wamo kwenye ramani ya kila anayetembea kusini mwa Manhattan.

Ya tatu ni kumbukumbu za waliofukuzwa. Cape Town, mtaa wa District Six ulitangazwa kuwa wa wazungu pekee mwaka 1966, watu zaidi ya 60,000 wakahamishwa na nyumba zikabomolewa. Ukienda kutembea pale utakuta uwanja mtupu mkubwa. Lakini kwenye makumbusho yao, yaliyofunguliwa mwaka 1994 ndani ya kanisa la zamani, sakafuni kuna ramani kubwa ya mtaa, na waliokuwa wakazi wameandika kwa mkono wao nani aliishi wapi. Anzeni na sakafu ile ndipo mtoke nje kutembea. Uwanja hautakuwa mtupu tena.

---

Fundi Kuta

Mimi kazi yangu ni uashi, kwa hiyo nichangie upande wa kuta zenyewe. Watu wengi wanatembea miji ya kale wakitazama usawa wa macho, wakati ghorofa ya chini ndiyo iliyobadilishwa mara nyingi zaidi. Maduka yameweka vioo, yameondoa milango, yamepaka rangi. Inueni macho. Kuanzia ghorofa ya kwanza kwenda juu mara nyingi jengo limeachwa lilivyokuwa: madirisha yake, tarehe iliyochongwa kwenye jiwe, maandishi ya biashara iliyokufa zamani.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote ni ukuta wa ubavuni mahali ambapo nyumba jirani imebomolewa. Simama uutazame taratibu. Utaona mstari wa mshazari, hapo ndipo paa la nyumba iliyoondoka lilipoegemea. Utaona vipande vya plasta vya rangi tofauti kimoja juu ya kingine, hivyo ni vyumba, kila ghorofa na rangi yake. Kuna shimo la meko linaning'inia hewani bila sakafu. Ngazi nayo imeacha alama zake, vidato vidogo vidogo vinapanda ukutani. Nyumba haipo na bado unaweza kuhesabu vyumba vyake.

Jingine ni madirisha yaliyozibwa kwa matofali. Uingereza walikuwa na kodi ya madirisha kuanzia 1696 hadi 1851, na waongozaji wengi wakiona dirisha limezibwa wanasema moja kwa moja ni kodi. Angalieni kwanza. Kama dirisha lilikuwa wazi likazibwa baadaye, pembeni utaona mstari ulionyooka wa kusimama, matofali ya kuzibia hayajafumwa na ya ukuta, na mara nyingi chokaa yake ni tofauti. Kama matofali yamefumwa pamoja na ukuta, huenda lile halikuwahi kuwa dirisha: mjenzi aliliweka la kuigiza tangu mwanzo ili uso wa nyumba uwe na ulinganifu. Kidole chako kinaweza kukuambia zaidi ya kipeperushi.

Vile vyuma vya umbo la msalaba, herufi S au sahani ya duara mnavyoviona ukutani si urembo. Ni vichwa vya fito za chuma zilizopita ndani ya jengo toka ukuta hadi ukuta kuuzuia usitanuke nje. Ukiviona, rudi nyuma utazame kama ukuta una tumbo.

London, karibu na kituo cha Tower Hill, kuna kipande cha ukuta wa mji ambacho namshauri kila mtu asimame mbele yake. Sehemu ya chini ni ya Warumi, utaitambua kwa mistari ya vigae vyekundu bapa iliyopita kati ya mawe kila baada ya kimo fulani. Mistari ikikoma, hapo umeingia Zama za Kati: waliofuata waliongeza kimo juu ya kazi ya wenzao. Mafundi waliotenganishwa na karne nyingi wako kwenye ukuta mmoja, na kila mmoja ana mkono wake.

---

Bi Nyaraka

Naunga mkono yote ya Fundi Kuta, niongeze ya kwangu kuhusu ramani. Mimi siendi kutembea mji bila ramani mbili za zama tofauti. Moja ya leo, moja ya zamani kadiri ninavyoweza kuipata, na maktaba nyingi kubwa sasa zimeziweka za zamani mtandaoni bure.

Kwa miji ya Marekani kuna hazina inayoitwa ramani za Sanborn. Kampuni ilianza mwaka 1867 kuchora miji kwa ajili ya makampuni ya bima ya moto, ikafikia miji na vijiji kama 12,000. Wenye bima walitaka kujua nyumba ipi itashika moto upesi, kwa hiyo mchoraji alipita nyumba hadi nyumba. Waridi ni tofali, njano ni mbao, buluu ni jiwe. Kuna idadi ya ghorofa, aina ya paa, mahali penye mashine ya mvuke. Chukua toleo la mwaka mmoja na la miaka 20 baadaye, uone njano inavyogeuka waridi mtaa mzima. Mpita Uchochoroni, hizi zitakufaa, kwa sababu mchoraji wa bima hakubagua. Kibanda cha nyuma cha kufulia nguo kimo, zizi limo, nyumba ya kupanga ya vibarua imo.

Ukizoea ramani, unaanza kuona vitu visivyokuwapo. Roma, uwanja wa Piazza Navona ni mrefu na upande wake mmoja umepinda kama upinde. Ni kwa sababu majengo yamekaa juu ya viti vya uwanja wa michezo wa mfalme Domitian, wa karne ya kwanza. Upande wa kaskazini, chini ya usawa wa barabara, matao yake bado yanaonekana. Vienna, ile barabara pana ya Ringstrasse inauzunguka mji wa ndani kwa sababu pale palikuwa na ngome na uwanda wake wa wazi. Mfalme Franz Joseph aliamuru kuta zivunjwe mwaka 1857, barabara ikafunguliwa 1865. Ukitembea Ringstrasse unatembea juu ya ukuta.

Singapore je? Mtaa wa Telok Ayer ulikuwa ufukweni. Hekalu la Thian Hock Keng, lililokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1840, lilijengwa likitazama bahari, mabaharia kutoka China wakishuka salama wanakwenda kushukuru. Leo ukisimama mlangoni huoni maji, unaona majengo marefu, maana bahari ilifukiwa na ufuo ukasogezwa mbali. Mtaa uleule una msikiti na madhabahu ya Waislamu kutoka kusini mwa India, yote ya karne ya 19. Huwezi kuelewa kwa nini nyumba nyingi za ibada zimepangana mtaa mmoja mpaka ujue kwamba hapo ndipo mashua zilipotia nanga.

---

Mgeni wa Njia

Asanteni wakuu, nimejifunza mengi. Swali kwa yeyote: majengo yaliyojengwa upya mnayachukuliaje? Nilitembea mji mkongwe wa Warsaw nikavutiwa sana, kisha nikaambiwa karibu wote ulibomolewa kwenye Vita vya Pili na ninachokiona ni cha baada ya vita. Nilivunjika moyo. Je, huo ni urithi kweli?

---

Fundi Kuta

Mgeni wa Njia, usivunjike moyo hata kidogo. Mji ule ulibomolewa kwa makusudi, na wakazi wakaamua kuurudisha. Walitumia vipimo vya wasanifu vilivyokuwa vimehifadhiwa na hata picha za kuchora za Bernardo Bellotto wa karne ya 18, zenye maelezo ya kila dirisha. UNESCO waliuingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1980 kwa ajili ya kazi hiyohiyo ya kuujenga upya. Kwa mtu wa uashi kama mimi, kuna heshima kubwa katika kuta zile.

Ninachokataa ni kuficha. Jengo la juzi lisiuzwe kwa mgeni kama la kale. Kibao kiseme lilijengwa lini, likavunjika lini, likarudishwa lini, na kwa mkono wa nani.

---

Kando ya Njia

Fundi umenena. Na upo upande wa pili: miji iliyoamua kutorudisha, ikaacha alama tu.

Berlin wameweka mistari miwili ya mawe sambamba barabarani kuonyesha ulipopita Ukuta wa Berlin, ule ulioutenga upande wa Mashariki na wa Magharibi, na hapa na pale kuna bamba la chuma lenye jina la ukuta na miaka 1961–1989. Unavuka barabara na mguu wako unapita juu yake. Bernauer Straße ndipo panapobana moyo zaidi. Upande mmoja wa barabara ile, nyumba zilikuwa Mashariki lakini njia ya miguu mbele yake ilikuwa Magharibi. Mwezi Agosti 1961 watu walikuwa wakiruka madirishani kuingia nchi nyingine, mpaka madirisha yakazibwa kwa matofali na baadaye nyumba zikabomolewa. Leo kumbukumbu ya pale ina urefu wa kilomita 1.4, na mahali ambapo ukuta umeondolewa wamesimamisha fito za chuma chenye kutu. Unaweza kupita katikati yake. Nilisimama pale nikashika fito moja nikafikiria mtu aliyefungua dirisha la chumba chake cha kulala akatazama chini.

Kisha kuna yale mawe madogo yenye bamba la shaba ya njano juu yake, Stolpersteine, kazi ya msanii Gunter Demnig aliyoanza miaka ya 1990. Kila jiwe ni sentimita 10 kwa 10, limezamishwa kati ya mawe ya njia mbele ya nyumba ya mwisho ambayo mtu aliyeteswa na Wanazi aliichagua mwenyewe kuishi. Jina, mwaka wa kuzaliwa, tarehe ya kuchukuliwa, alikopelekwa. Mwaka 2023 lilitandikwa jiwe la 100,000. Ili usome lazima uiname. Si wote wanaoafiki, na hoja yao nzito: jiji la Munich haliruhusu mawe haya kwenye njia za umma, kwa kuwa wako wanaosema majina ya marehemu yasikanyagwe, na badala yake wanaweka vibao ukutani na nguzo. Mimi nimesikiliza pande zote mbili, na bado jiwe la chini linanigusa zaidi, hasa ninapokuta wakazi wamelisugua hadi linang'aa. Lakini aliyepoteza ndugu ana haki ya neno kubwa kuliko langu.

---

Nyayo Mpya

Mimi ni msomaji wa kimya siku zote, leo nimeshindwa kunyamaza. Mji wangu hauna njia ya urithi. Hakuna mstari, hakuna vibao, na makumbusho yenyewe ni chumba kimoja. Naweza kuanzisha bila kuwa msomi wa historia? Nianzie wapi?

---

Bi Nyaraka

Nyayo Mpya, karibu sana, na jibu ni ndiyo. Toronto, Kanada, mwaka 2007 walianzisha matembezi yanayoitwa Jane's Walk kumkumbuka Jane Jacobs, mwandishi wa masuala ya miji aliyefariki mwaka mmoja kabla. Ni ya bure, na wanaoongoza ni wakazi wa kawaida. Yameenea miji mingi duniani. Pia kuna tarehe 18 Aprili, siku ya kimataifa ya minara na maeneo ya kihistoria, inayofaa kupanga matembezi ya kwanza.

Usianze na "historia ya mji wote", utachoka kabla hujafika. Anza na swali moja. Mimi ningeanza na maji: watu walikuwa wakichota wapi, mto au kijito kilipita wapi, mashua au mizigo ilishukia wapi? Karibu kila mji ulikaa pale ulipo kwa sababu ya maji, na karibu kila mji umeyafunika baadaye. Swali hilo litakupeleka kwenye daraja, kwenye kisima, kwenye soko, kwenye mtaa wa vibarua, na kwenye mtaa wa matajiri waliojenga juu kidogo mafuriko yasiwafikie.

Wazee uwahoji palepale kwenye eneo, si sebuleni. Mzee akisimama kwenye kona yenyewe, na picha ya zamani mkononi, anakumbuka vitu ambavyo hakujua anavikumbuka. Andika nani kasema nini na lini. Wawili wakitofautiana, andika yote mawili, usichague unayoipenda. Kisha nenda kwenye nyaraka: ramani za ardhi, magazeti, daftari za mazishi, hata risiti. Simulizi likikosa ushahidi mwingine, unaweza kuliweka, ila mtembeaji aambiwe kwamba linasimuliwa hivyo. Na omba ruhusa kwa wenye nyumba. Nyumba ya kihistoria ina watu wanaolala ndani leo.

---

Kando ya Njia

Kwa Nyayo Mpya niongezee ya miguu. Kilomita mbili zinatosha kwa kuanzia. Kila kituo kiwe na kitu cha kuonekana au kuguswa, hata kama ni mwinuko wa barabara tu, maana watu hawawezi kusimama juani wakisikiliza kuhusu jengo lisiloacha hata alama. Usipokuwa na kitu, beba picha kubwa ya zamani, simama mahali aliposimama mpiga picha, uinyanyue. Na kabla hujaita watu wengi, tembea na mtu mmoja asiyejua lolote kuhusu mji ule. Pale atakapoanza kutazama kando, punguza maneno.

---

Mpita Uchochoroni

Nimerudi. Maelezo ya mleta uzi na Bi Nyaraka yameniingia, hasa ramani za bima. Bado nashikilia hoja yangu kwamba njia rasmi nyingi zingefaa zichorwe upya, si kuongezewa vituo viwili vya "wengineo". Lakini nakubali kwamba hata njia mbovu inafaa kutembewa, ukijua imechorwa na nani.

Swali la mwisho kutoka kwangu: mama yangu anapenda mambo haya kuliko mimi, ila magoti yamechoka. Njia za mawe zinamtesa. Kuna namna?

---

Fundi Kuta

Ipo. Mawe ya mviringo ya kale ni mabaya kwa magoti na kwa magurudumu ya kiti, lakini mara nyingi pembeni kuna ukanda wa mawe bapa, uliowekwa kwa ajili ya magurudumu ya mikokoteni au waenda kwa miguu. Pita naye humo. Usimalize njia nzima kwa siku moja. Chagua vituo vitatu vilivyo karibu, penye mabenchi, mkae mbele ya ukuta mmoja nusu saa. Nendeni asubuhi mapema jua likiwa chini: mwanga wa ubavuni unaonyesha kila mchongo na kila kiraka, na magari bado machache. Mama akiwa amekaa ataona mengi kuliko wanaopita mbio. Mpe na ramani ya zamani aishike yeye, wewe uulize maswali.